Safari ya msamiati wa hisabati, kutoka mafungu ya mirathi hadi ubaoni

Muhula uliopita nilimtembelea mwalimu-mwanafunzi wetu mmoja aliyekuwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Somo lilikuwa Hisabati, Gredi ya Saba, na mada ilikuwa ujazo. Nasema ujazo kwa sababu safu hii ni ya Kiswahili. Ubaoni kijana yule aliandika 'volume' kwa chaki ya rangi, akapiga mstari chini yake, kisha akawageukia wanafunzi na kuwauliza maana yake. Kimya. Mwishowe mvulana mmoja wa viti vya nyuma akanyosha mkono: "Teacher, ni ile kitu ya kuongezea redio sauti."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka, akamwambia aketi, akaandika kanuni: urefu mara upana mara kimo. Baada ya dakika kumi hivi kila daftari lilikuwa na jibu sahihi, 240. Nilimuuliza kwa sauti ya chini msichana niliyeketi karibu naye, hiyo 240 ni ya nini? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kipuuzi. "Ni answer, sir."

Mvulana yule hakukosea, msomaji wangu. Neno lile analijua vizuri. Limeandikwa hivyo hivyo kwenye rimoti ya televisheni. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba neno lililovaa sare ya shule huwa si lile linalovaa nguo za nyumbani, hata kama sura ni moja. Na msichana wa 240 alikuwa na tatizo kubwa zaidi kuliko la mwenzake, ila kwa kuwa jibu lake lilikuwa sahihi hakuna aliyemcheka.

Kuna tukio ambalo sisi wanaisimu wa Kenya hulitaja kwa nadra ilhali lilitokea papa hapa kwetu. Mnamo Septemba 1974, wataalamu wa lugha na wa hisabati walikutana jijini Nairobi katika kongamano lililodhaminiwa na UNESCO pamoja na tume ya kimataifa inayoshughulikia ufundishaji wa hisabati. Swali lilikuwa hili: mataifa machanga yanayotaka kufundisha hisabati kwa lugha zao yafanyeje? Miongoni mwa waliowasilisha makala alikuwa M. A. K. Halliday, mwanaisimu Mwingereza ambaye kila mwanafunzi wangu wa isimujamii humjua kwa sababu nyingine. Humo ndimo alimoifafanua dhana ya rejista ya hisabati, ambayo leo imo katika vitabu vya ualimu kote duniani. Aliorodhesha njia ambazo lugha hupitia kupata istilahi: kulipa neno la zamani maana mpya, kuunda neno kutokana na mizizi ya lugha yenyewe, kukopa, kutafsiri kipande kwa kipande, na kadhalika. Kisha akaongeza jambo ambalo wengi hulisahau: kwamba rejista haiishii kwenye orodha ya maneno. Ni pamoja na namna ya kupanga maana na ya kujenga hoja.

Mwaka huo huo, miezi miwili tu kabla ya kongamano, Rais Jomo Kenyatta alikuwa ameagiza Bunge lianze kujadili mambo yake kwa Kiswahili. Wabunge wakahangaika, maana miswada iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Mimi wakati huo nilikuwa darasa la saba, nikijiandaa kwa mtihani wa CPE, na habari za Halliday sikuzijua kabisa. Nilichojua ni fimbo.

Fimbo yenyewe ilikuwa ya mwaka 1971, nilipokuwa darasa la nne, mwaka tulioanza kufundishwa kila kitu kwa Kiingereza. Mwalimu alitupa zoezi: tafuta 'difference' ya 15 na 9. Neno hilo nilikuwa nimelisikia katika somo la Kiingereza, tulipoulizwa tofauti ya ng'ombe na mbuzi. Kwa hivyo nikaandika, kwa fahari kabisa, kwamba 15 ina tarakimu mbili na 9 ina moja. Nilichapwa. Nilikaa miaka mingi nikiamini kwamba mimi na hesabu hatupatani, nikaishia kwenye lugha. Mke wangu husema hiyo ndiyo hasara ambayo hisabati haijawahi kuihisi.

Lakini nisije nikajifanya kwamba Kiswahili kingeniokoa. Ningeulizwa "tofauti ya 15 na 9 ni nini?" ningejibu vile vile, maana 'tofauti' nalo ni neno la nyumbani lililovishwa sare. Ningeulizwa "15 ukitoa 9 zinabaki ngapi?" ningejibu kabla swali halijaisha. Tatizo halikuwa lugha ngeni peke yake. Nilihitaji kufundishwa neno, na hakuna aliyenifundisha kwa sababu lilidhaniwa kuwa neno la kawaida.

Hebu sasa turudi nyuma zaidi. Watu husema Kiswahili hakina uwezo wa kubeba hisabati, eti ni lugha ya nyimbo na mashairi. Wanaosema hivyo hawajawahi kuhesabu kwa makini. Angalia namba zetu: moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni za Kibantu, na ndugu zake utawapata katika lugha nyingi za Kibantu humu nchini. Sita, saba na tisa ni za Kiarabu. Je, Waswahili hawakuwa na namba hizo kabla ya wageni? Walikuwa nazo. Sita iliitwa tandatu, saba iliitwa fungate, tisa iliitwa kenda. Kenda bado tunayo katika misemo, na fungate haikufa. Ilihamia kwenye arusi, ikabaki kuwa zile siku saba za maharusi. Leo mtu akienda fungate Diani kwa siku tatu hajui kwamba amewadhulumu wahenga siku nne.

Ishirini, thelathini na wenzake hadi mia na elfu ni za Kiarabu pia. Laki ilitoka Bara Hindi. Sifuri ni 'sifr' ya Kiarabu, yaani tupu, na neno hilo hilo ndilo lililopita katika Kilatini na Kiitaliano hadi likawa 'zero' ya Kiingereza. Kwa hivyo mwalimu anayemkataza mtoto kusema sifuri, akimtaka aseme 'zero', anamtoa kwa shangazi na kumpeleka kwa binamu. Aljebra nayo ilichukua jina kutokana na kitabu cha al-Khwarizmi, aliyeishi Baghdad katika karne ya tisa. Hakuna lugha iliyozaliwa na hisabati mfukoni.

Hata hivyo kinachonivutia zaidi ni sehemu. Kiswahili kilikopa kutoka Kiarabu nusu, robo, thumuni, thuluthi na sudusi, yaani sehemu moja ya mbili, ya nne, ya nane, ya tatu na ya sita. Kwa nini hizo zikakita mizizi, ilhali humusi na subui, ambazo ni ya tano na ya saba, unazikuta kwenye kamusi tu? Biashara inaeleza kiasi. Wazee wenzangu wataikumbuka sumuni, ile senti hamsini ya kununulia peremende. Sumuni ni thumuni, lakini nusu shilingi inawezaje kuitwa sehemu ya nane? Kwa sababu haikuwa sehemu ya nane ya shilingi. Ilihesabiwa kutokana na riale, sarafu kubwa iliyotumika pwani kabla shilingi haijaja.

Maelezo makubwa zaidi, kwa maoni yangu, yako kwenye mirathi. Sheria ya Kiislamu ina mafungu sita yaliyotajwa ndani ya Kurani: nusu, robo, thumuni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi. Linganisha orodha hiyo na msamiati wetu uone. Chukua mtu aliyefariki Lamu au Malindi akaacha mke, mama na mtoto mmoja wa kiume. Mke anapata thumuni kwa kuwa marehemu ana mtoto. Mama anapata sudusi. Kijana anachukua kinachobaki. Sasa kadhi anagawaje? Hawezi kukata shamba vipande vinane na papo hapo vipande sita. Anatafuta namba ambayo nane na sita zote zinaigawanya bila kubakisha, anaipata 24. Mke mafungu matatu, mama manne, mtoto kumi na saba. Jumla ishirini na nne, na hakuna anayegombana na mwenzake, au tuseme hakuna anayegombana kwa sababu ya hesabu.

Hiyo, msomaji wangu, ndiyo hesabu ambayo watoto wetu huiogopa katika gredi za juu za msingi. Pwani ilifanywa kwa karne nyingi, kwa Kiswahili, na watu ambao hawajawahi kuona kitabu cha kiada. Na jambo lenyewe lilikuwa na uzito: ukikosea, mjane analala nje.

Nikiwa hapo hapo kwenye sehemu, nigusie ushuru. Asili yake ni neno la Kiarabu la sehemu moja ya kumi. Mtakubaliana nami kwamba siku hizi neno limeacha asili yake mbali sana.

Istilahi za shuleni zilikuja baadaye, na hapa lazima tuvuke mpaka. Baada ya Azimio la Arusha na waraka wa Elimu ya Kujitegemea, vyote vya mwaka 1967, Tanzania ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia masomo ya msingi. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, liliundwa mwaka huo huo. Ghafla kukawa na haja ya kuyapa majina mambo ambayo kadhi aliyafanya bila kuyaita chochote. Ile 24 ya mirathi ikaitwa kigawe kidogo cha shirika, KDS. Na namba kubwa kuliko zote inayogawanya nane na sita pamoja, yaani mbili, ikaitwa kigawo kikubwa cha shirika, KKS.

Kigawe na kigawo. Nikifundisha mofolojia huwa nachukua kipindi kizima kwa maneno haya mawili, na sichoki. Mzizi ni mmoja, gawa. Kiambishi cha mwanzo ni kimoja, ki-. Tofauti yote imo kwenye irabu ya mwisho. Irabu -e katika Kiswahili huashiria mara nyingi kinachotendwa: kiumbe ni kilichoumbwa, mteule ni aliyeteuliwa, mtume ni aliyetumwa. Kwa hivyo kigawe ni kinachogawanywa. Irabu -o huashiria mara nyingi chombo cha kutendea: kifuniko hufunika, ufunguo hufungua. Kwa hivyo kigawo ndicho kinachogawanya. Mtoto anayejua 'kiumbe' na 'kifuniko' ana ufunguo wa istilahi hizi tayari. Anahitaji mwalimu wa kumwonyesha tundu la kufuli. Mtoto wa Kiingereza hana bahati hiyo, kwa sababu maneno ya Kiingereza ya dhana hizi mbili hayafanani hata kidogo, na yote yalitoka Kilatini.

Wengine watasema irabu moja ni tofauti ndogo mno, mtoto atachanganya. Kweli, wanachanganya. Lakini hata wanaotumia Kiingereza wanachanganya, na hawana irabu ya kuwakumbusha.

Si kila istilahi ilikuwa na bahati. Namba shufwa na namba witiri zilichukuliwa kutoka Kiarabu. Mwislamu anayeswali witiri anaona mara moja kwamba ni isiyogawika kwa mbili, lakini mtoto wa Kitui au Siaya haoni kitu. Namba zisizogawika ila kwa moja na kwa zenyewe ziliitwa namba tasa. Mara ya kwanza kukutana na neno hilo nilipigwa na butwaa. Ni sahihi, tena linakaa akilini: namba isiyozaliwa na jozi yoyote ila ya moja na yenyewe. Ila neno lenyewe limewaumiza wanawake wengi mno, na ukilitazama vizuri, namba hizo hazina uhusiano na utasa, maana ndizo zinazozaa namba nyingine zote kwa kuzidishana. Ningekuwa kwenye kamati ningepinga. Sikuwa kwenye kamati. Nilikuwa nachapwa kwa sababu ya 15 na 9.

Asilimia ndiyo istilahi niipendayo kuliko zote. Katika hisabati ya Tanzania, namba ya chini ya sehemu huitwa asili na ya juu huitwa kiasi. Tazama asilimia: ndani yake zimo asili na mia. Neno lenyewe linakwambia la kufanya.

Huku kwetu mambo yalichukua njia nyingine. Majaribio ya kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza yalianza mwaka 1957 katika shule za Wahindi jijini Nairobi, yakasambaa, na Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ikayapa baraka. Mwaka 1976 Ripoti ya Gachathi ilirudi nyuma hatua moja: madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya eneo la shule, kisha Kiingereza. Msimamo huo ndio tulio nao hata chini ya mtaala wa umilisi, walau kwenye karatasi. Katika miaka hiyo ya 1960 ilikuja pia hisabati mpya, iliyoandaliwa kwenye warsha zilizoanza Entebbe, Uganda, mwaka 1962 kwa msaada wa Wamarekani. Ndiyo iliyotuletea 'set'. Sisi tulijua seti ya vikombe, na seti ya redio ya betri. Mwalimu wetu wa sekondari alichora duara mbili zilizoingiliana, nami nikadhani ni magurudumu.

Matokeo yake ni nini? Mkenya wa leo anajua msamiati wa hisabati kupitia siasa kuliko kupitia shule. Sheria ya thuluthi mbili ya jinsia, iliyo ndani ya Katiba ya 2010, imetangazwa redioni mara nyingi mno kiasi kwamba hata mama mboga anajua thuluthi ni nini. Mwanawe aliye shuleni akiulizwa thuluthi mbili ya 60 anashtuka, kwa sababu darasani huitwa vingine. Wala Tanzania haijavuka salama. Mtoto aliyekomaa na kigawo na asilimia anaingia kidato cha kwanza na kukuta vyote vimebadilishwa majina. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiendelee hadi sekondari, serikali ikakataa. Kenya tunamvua mtoto viatu kwenye gredi ya nne, wenzetu wanamvua miaka michache baadaye. Mguu peku ni ule ule.

Narudi kwa Halliday na ile nukta ya mwisho. Maneno makubwa kama kigawe angalau yanaonekana, mwalimu anaweza kuyaandika ubaoni. Yanayoua ni madogo. "Angalau tano" na "si zaidi ya tano." "Kwa kila." "Ikiwa, basi." Au kitenzi zidisha: nyumbani ukizidisha chumvi inakuwa nyingi, shuleni ukizidisha nane kwa nusu unapata nne. Mtoto ana haki ya kuuliza, imezidi wapi? Walimu wengi wa Kenya husema "mara", na hapo wana busara, kwa sababu nane nusu mara haidai kwamba kitu kimeongezeka. Kisha kuna saa. Mtoto anaamka saa kumi na mbili na nusu, anafika shuleni saa moja kasorobo, ambayo yenyewe ni hesabu ya kutoa iliyokunjwa ndani ya neno moja, kasoro robo. Anafungua kitabu na kukuta kwamba saa moja yake inaandikwa 7. Anaongeza sita au anatoa sita kichwani kabla hajalifikia swali lenyewe, na hakuna anayempa alama kwa kazi hiyo.

Mwaka 2025 nchi nzima ilijadili iwapo Hisabati iwe ya lazima katika sekondari ya juu. Nilisoma maoni mengi, mengine yenye hasira. Sikumbuki hata moja lililouliza inafundishwa kwa maneno gani.

Lazima nikiri jambo. Fomu tunayojaza tukitathmini walimu-wanafunzi ina sehemu ya lugha ya kufundishia. Zamani, nilipokuwa mhadhiri mchanga, nilikutana na binti mmoja aliyekuwa akifundisha vigawo. Aliona darasa limekwama, akaacha Kiingereza na kusema, "Ni zile namba zinaweza kuigawa hii bila kubakisha kitu." Darasa likafunguka. Mikono ikajaa hewani. Nami nilikuwa nyuma, kalamu mkononi, nikimpunguzia alama tatu kwa kuchanganya lugha. Niliyakumbuka hayo nikimtazama kijana wa ujazo.

Baada ya kipindi nilimwomba ampate mvulana wa redio, mtungi wa maji wa lita ishirini na kopo la nusu lita. Tukatoka nje kwenye mfereji. Nikamwambia mvulana ajaze mtungi kwa kopo huku akihesabu. Alipofika arobaini maji yakamwagika viatuni mwake. "Umejaa," akasema. Nikamuuliza, sasa ule ujazo wake ni kopo ngapi? Hakuwa amewahi kulisikia neno hilo, nina hakika. "Arobaini," akajibu, kisha akaufunga mtungi, akamgeukia mwalimu wake na kumuuliza kwa nini hakusema hivyo tangu mwanzo.

Kwenye sehemu ya lugha nilimpa kijana alama zote. Wiki iliyofuata nilipigiwa simu kutoka ofisini, nikaulizwa kama nilikosea kujaza fomu.